Dera, gauni la shati au suruali ya kitani: uvae nini kaskazi ukishavuka miaka 45

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishika, mchana wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hufika nyuzi joto 31 hadi 33, na hewa hujaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, linateremka tu. Mwanamke wa miaka 25 anaweza kuvumilia karibu vazi lolote. Aliyevuka 45 ana mawili zaidi ya kubeba. La kwanza ni fukuto la ghafla linaloandamana na ukomo wa hedhi: huja kwa dakika chache, likaondoka na kumwacha amelowa mgongo mzima. La pili ni umbo. Mafuta huhama nyonga na mapaja yakaja tumboni, kifua hushuka, mikono ya juu hujaa. Gauni lililomkaa vyema miaka 10 iliyopita sasa linabana kwapani na kupanda mbele, hata kama mizani inasoma kilo zilezile.

Mavazi matatu ndiyo yanayoshindania kabati la msimu huu: dera, gauni la shati la kitenge au pamba nyepesi, na suruali pana yenye blauzi ya kitani. Baibui tumelipa nafasi yake mbele, kwa wanaolivaa juu ya hayo. Tumeyapima kwa vigezo viwili kwa mpangilio huu: uzi, kisha bega. Uzi ndio unaoamua utateseka kiasi gani, na bega ndilo linaloamua utapendeza kiasi gani. Kiuno, ambacho wengi hukitazama kwanza mbele ya kioo, kinakuja nyuma ya hivyo viwili.

Uzi kwanza, mshono baadaye

Kwenye vipimo vya kawaida vya maabara, pamba hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, kitani kama 12, rayoni 11 hadi 13. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana gauni la poliesta, hata likiwa jepesi kama utando, huacha jasho lote juu ya ngozi.

Ila namba hizo zisikufanye uamini kwamba rayoni ni bora kuliko pamba kwa pwani. Rayoni hunywa jasho vizuri, kisha hunata. Ikishalowa hukushika mgongoni na tumboni na kuchora kila mstari wa nguo ya ndani. Kitani ni kigumu kidogo, hivyo husimama mbali na ngozi na upepo ukapita chini yake. Pamba nyembamba iliyokaza kidogo, kama poplini nyepesi, inakaribia hapo. Pamba nzito ni habari nyingine kabisa: jinzi, au kitenge kinene kama turubai, hunywa jasho la saa nne asubuhi na kukaa nalo mpaka jioni. Dodoma au Nairobi, penye hewa kavu zaidi, tofauti hizi hupungua kwa sababu jasho hukauka lenyewe. Pwani inabidi utegemee upepo upite, na nguo isiyoupisha haikufai hata iwe ya pamba tupu.

Dukani kila kitambaa kitaitwa pamba. Omba nyuzi mbili za ukingoni na uzichome pembeni, mbali na bidhaa. Pamba, kitani na rayoni huungua upesi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika kidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kijitone kigumu cheusi. Ukipata majivu na vitone pamoja, ni mchanganyiko. Kwenye mitumba ya Karume, Gikomba au Kongowea, soma lebo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani. Nguo ya Ujerumani huandika Leinen kwa kitani na Baumwolle kwa pamba, ya Ufaransa lin na coton, ya Italia lino na cotone. Wauzaji wengi hawazijui lebo hizi, na hapo ndipo blauzi ya kitani safi hupatikana kwa bei ya blauzi yoyote.

Dera: raha ya nyumbani, yenye masharti

Dera, ambalo asili yake ni dirac ya Wasomali, ni kitambaa kimoja kilichokunjwa begani, kikachimbwa shingo na kushonwa mistari miwili inayoshuka ubavuni. Halina bega lililokatwa wala kwapa. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wake, na ndiyo sababu humfanya mwenye kifua kikubwa aonekane kama hema: kitambaa kinaning'inia kutoka ncha ya kifua mpaka chini bila kurudi ndani popote.

Madera ya dukani hushonwa saizi moja, na mistari ya ubavuni huwekwa mbali ili yamtoshe kila mtu. Mpelekee fundi aisogeze. Hesabu ni hii: chukua mzingo wa nyonga, ongeza sentimita 20, gawa kwa 2. Mwenye nyonga za sentimita 116 atapata 68, na huo ndio umbali unaotakiwa kati ya mshono na mshono. Mshono uanze sentimita 28 hadi 30 chini ya bega. Ukianza chini zaidi, ubavu na sidiria vitaonekana ukiinua mkono. Ukianza juu zaidi, unarudisha mbano wa kwapani uliokuwa unaukimbia.

Kasoro ya pili ni shingo. Dera linalokimbilia nyuma na kukukaba koo limechimbwa shingo sawa mbele na nyuma. Mbele panatakiwa sentimita 10 hivi, nyuma 2 tu. La dukani likiwa limekosewa mbele, linatengenezeka, kwa kuwa fundi anaweza kuchimba zaidi. Likikosewa nyuma halirudi, kwa hiyo jaribu hapo kabla ya kulipa. Pia pima pindo ukiwa umelivaa. Kifua hula urefu, na mbele huwa juu ya nyuma kwa sentimita 3 hadi 5.

Kosa kubwa kuliko yote liko ndani ya dera. Madera mengi huonyesha, kwa hiyo linavaliwa shimizi, na shimizi linalouzwa pamoja nalo au pembeni yake mara nyingi ni la nailoni au poliesta. Hapo umevaa mfuko wa plastiki chini ya nguo nyepesi. Shona la melimeli, ile pamba nyembamba laini: mita 2 za kitambaa cha upana wa sentimita 115 zinatosha, mikanda ya begani iwe na upana wa sentimita 2 na nusu ili isikate. Au usishone kitu kamili, shona gagulo kwa khanga ya zamani. Khanga moja ina upana wa kutosha nyonga za sentimita 120 na ikabaki nafasi ya kutembea. Punguza urefu ubaki sentimita 75, tia lastiki kiunoni. Khanga iliyofuliwa mara mia ni laini kuliko bitana yoyote ya dukani.

Dera la rayoni lisikamuliwe kwa kupindwa. Uzi huo ukiwa umelowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na madera mengi huchanika begani kwa sababu ya mikono iliyoyafua. Libane kwenye taulo, lianike kivulini.

Dera linashinda kwa nyumbani, kwa wageni, kwa kulala mchana wa Ramadhani, kwa ufukweni. Kwa ngazi, bodaboda na daladala halifai: pindo hukanyagwa na upana hunaswa. Na ofisini, rayoni iliyolowa mgongoni haina pa kujificha.

Gauni la shati: hili ndilo tungeanza nalo

Gauni la kitenge la kubana, lenye zipu mgongoni na bitana ya poliesta, ndilo linaloshonwa zaidi na ndilo baya zaidi kwa msimu huu. Zipu ya mgongoni inadai bega lizunguke, na kati ya miaka 40 na 60 ndipo bega hupenda kukaza. Bitana hurudisha plastiki uliyoikimbia. Na fukuto likija, huna unachoweza kufungua.

Gauni la shati hufunguka mbele kwa vifungo. Unafungua viwili, hewa inaingia, fukuto linapita, unafunga. Kola huvuta macho juu, na mstari wa vifungo hukata mwili kwa urefu badala ya upana. Kwa mwenye tumbo la mbele hakuna mshono unaomsaidia kuliko huo.

Kwa urefu wa chini kidogo ya goti na mikono ya robo tatu, nunua yadi 4 za kitambaa cha upana wa kitenge, sentimita 115 hivi. Ukinunua pande la yadi 6, zinazobaki zitatoa blauzi. Chagua kitenge chepesi. Kiinue kwenye mwanga, kivuli cha mkono wako kionekane kwa mbali. Ukiona mkono waziwazi utahitaji shimizi, na usipouona kabisa ni kizito. Usidanganywe na ugumu wa kitenge kipya, maana huo ni wanga wa kiwandani. Kiloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, kifue kwa sabuni, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo kiende kwa fundi. Pamba hurudi asilimia 3 hadi 5: mita 3 zinaweza kupoteza sentimita 9 hadi 15. Fundi akikata kabla hakijarudi, gauni litarudi mwilini mwako baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na lawama ataibeba yeye bure.

Vipimo vichukuliwe upya kila mwaka. Ukurasa wa daftari la fundi wenye vipimo vyako vya zamani ndio chanzo cha nguo nyingi zilizokataa. Kifua kipimwe ukiwa na sidiria utakayoivalia gauni. Kiuno na nyonga vipimwe mara mbili, umesimama na umekaa kwenye kiti, na kipimo cha umekaa ndicho kiandikwe, kwani tumbo laini hutanuka ukikaa na vifungo huanza kupiga mwayo hapohapo. Mwambie fundi apime pia kutoka bega hadi ncha ya kifua. Mafundi wengi hukikadiria kipimo hiki, na ndicho kilichobadilika zaidi.

Nafasi ya ziada juu ya mwili iwe hivi: kifua sentimita 10 hadi 12, nyonga 12 hadi 14, mkono wa juu 6 hadi 8. Chini ya hapo hewa haipiti. Zaidi ya hapo bega huanza kushuka, na bega lililoshuka huongeza umri na kilo kwa pamoja. Mshono wa bega ukome pale mfupa unapoishia. Hapo tu, hata kama kila sehemu nyingine ni pana, nguo inaonekana imeshonwa kwa ajili yako.

Kuhusu kwapa, kuna imani kwamba likichimbwa kubwa ndiyo raha. Ni kinyume. Kwapa la chini sana linaunganisha mkono na ubavu: ukiinua mkono kushika bomba la daladala, gauni zima linapanda. Kwapa liwe sentimita 2 tu chini ya mwili. Mkono wa juu ukiwa umejaa, usiongeze kwapa, ongeza kikwapa kama cha kanzu: kipande cha mraba cha sentimita 8 kwa 8, kinachowekwa kwa kona pale mishono minne inapokutana. Mafundi wa kanzu wa Unguja, Lamu na Mombasa wanakijua tangu enzi, pamoja na taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoongeza upana kuanzia kiunoni kwenda chini bila kugusa bega. Gauni la zamani unalolipenda na limekataa nyonga linaokolewa kwa taharizi mbili, kila moja ya upana wa sentimita 6 chini. Fundi wa magauni akikwambia haiwezekani, jaribu fundi wa kanzu.

Bitana usiweke. Omba kaba ya shingoni na ukanda wa mbele kwa kitambaa hichohicho, upana wa sentimita 5, na mishono yote ya ndani ipigwe ovaloki ili isichome ngozi ambayo sasa ni kavu na nyepesi kukereka. Mfuko mmoja kila upande, uanzie chini ya nyonga. Ukianzia kwenye nyonga zenyewe unaongeza upana.

Jambo moja husahaulika mpaka gauni limeshakatwa: ua la kitenge. Kwenye vitenge vya maua au miduara mikubwa, fundi asiyeangalia hukuta duara moja limekaa katikati ya tumbo au mawili juu ya kifua. Kitandaze kitambaa mwilini mbele ya kioo, na uweke alama ya chaki pale ua kubwa linapotakiwa kukaa, yaani karibu na bega au chini karibu na pindo.

Mkono uishie sentimita 3 hadi 5 juu ya kiwiko au uende chini ya kiwiko. Ukiishia katikati ya mkono wa juu, unachora mstari pale palipojaa zaidi. Kanuni ni ileile kwa pindo na shavu la mguu. Mkanda, ukiutaka, ukae chini ya mbavu, kama sentimita 5 juu ya kitovu, maana kiuno chako chembamba kimepanda hapo. Mshono wa kukata chini kabisa ya kifua na kuachia marinda uachane nao, kwa sababu marinda hayo hutua juu ya tumbo na utaulizwa unatarajia lini.

Suruali pana na blauzi ya kitani

Hapa suruali inashinda magauni yote kwa jambo ambalo wanawake huvumilia kimya: mapaja kusuguana. Jasho na msuguano huchubua ngozi kwa safari moja tu ya kutoka Posta hadi Kariakoo kwa miguu. Ukivaa gauni au dera, vaa ndani kaptura ya kubana ya pamba inayofika katikati ya paja. Ukivaa suruali, shida imeisha.

Kitani kinakunjamana. Kinakunjamana saa moja baada ya pasi na kitaendelea kukunjamana, na anayekerwa na hilo asinunue kitani tupu. Mchanganyiko wa kitani na pamba hutuliza mikunjo na kubakiza upepo. Mchanganyiko wa kitani na poliesta unanyooka vizuri, ila umekuuzia joto. Tazama pia bei: kitani kipya ni ghali mara kadhaa kuliko pamba, kwa hiyo anzia mitumbani kwa blauzi, na suruali ushone.

Kwenye suruali, bendi ya mbele iwe bapa na lastiki ipite nyuma tu. Lastiki ya kuzunguka kiuno chote hurundika kitambaa juu ya tumbo. Tumia yenye upana wa sentimita 3 au 4, kwani ya sentimita 1 hujiviringa na kukata nyama ukikaa. Mguu uanguke wima kutoka nyonga, upana wa sentimita 25 hadi 28 chini ukilazwa bapa, na uishie sentimita 3 juu ya kifundo ili usizoe vumbi wala maji ya mvua za vuli. Blauzi iishie mwanzo wa nyonga, si pale nyonga zilipo pana zaidi, na iwe na mpasuo wa sentimita 10 kila upande. Blauzi ndefu juu ya suruali pana inameza mwanamke mfupi, naye gauni la shati litamfaa zaidi.

Rangi zina kazi hapa kwa sababu kitani huwa hakina maua. Kijivu na buluu ya wastani huonyesha kila tone la jasho. Nyeupe na nyeusi huficha. Chini ya nyeupe vaa nguo ya ndani ya rangi ya ngozi yako, si nyeupe.

Ukivaa baibui juu

Nida na krepe, vitambaa vya mabaibui, nyingi ni poliesta, na weusi hunywa jua. Mwaka 1980 watafiti walipima majoho ya Mabedui jangwani wakakuta joto linalofika mwilini ni sawa kwa jeusi na jeupe, kwa kuwa joho pana hupepea na kutoa hewa ya moto nje. Hilo linategemea ukame na upana. Baibui la kubana kwenye unyevu wa Mombasa, au Muscat katikati ya mwaka, halipati faida hiyo. Liwe na nafasi ya sentimita 25 au zaidi nyongani, mikono wazi isiyofungwa kifundoni, na ndani kusiwe na gauni kamili: shimizi la melimeli na kaptura vinatosha. Kwa ndani, dera chini ya baibui ni kitambaa kingi mno.

Sare ya harusi

Kitambaa umechaguliwa na kamati, mara nyingi lesi au satini, na ukumbi una watu 300. Hapo uzi huna uamuzi nao, lakini mshono ni wako. Kwa lesi, mikono na sehemu ya juu ya kifua viachwe bila bitana, na kuanzia kifuani kwenda chini mwambie fundi atumie melimeli ya rangi ya ngozi badala ya satini. Zipu iwe ubavuni. Peleka kitambaa mapema, wiki 3 kabla, ili upate kulijaribu mara mbili, kwani gauni la siku moja kabla ya harusi hubanwa kwa kukisia. Kama ni kitenge, kifue siku hiyohiyo ulipokipokea.

Na jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, au kupungua uzito usiliwekee umri. Nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza, nguo zitasubiri.